Wembe Uliopiga Hodi

Jana usiku niliota wembe umekuja kunitembelea, nami nikaukaribisha.

Kabla sijaendelea, niseme wembe wenyewe ulitoka wapi, maana haukuwa wa ndotoni tu. Jana alasiri binti yangu Nakunda alipanda kutoka tambarare hadi kwetu huku Usangi. Kichwani alikuwa na mkungu wa ndizi. Mkononi alikuwa na wembe mpya uliofungwa kwenye kipande cha gazeti. Ndizi zilikuwa zangu. Wembe ulikuwa wa Nietiwe.

Nietiwe ni mjukuu wangu, mtoto wa kaka yake Nakunda, na mimi ndiye ninayemlea. Yuko darasa la pili. Maneno humtoka nusu. Huanza neno katikati, kama mtu anayeingia kanisani wenzake wameshafika kwenye mahubiri. Anavyosema ndivyo anavyosoma, na anavyosoma ndivyo anavyoandika. Wenzake wanamcheka, kwa hiyo siku hizi ananyamaza. Watu wa kwetu wakimwona mtoto wa namna hiyo husema ulimi wake umefungwa, chini yake kuna kijinyama, kikatwe. Nakunda alikuwa amempata mzee wa kukikata. Wangekuja asubuhi.

"Uuchemshe kwanza, Mama," aliniambia, akauweka wembe juu ya kabati, karibu na kopo la chumvi. "Usafi ni muhimu."

Anampenda yule mtoto. Alipokuwa anaondoka kwenda kulala kwa wifi zake, alirudi kutoka mlangoni ili tu amfunge Nietiwe kifungo cha sweta.

Lakini shuleni kwao hupita mtaalamu wa matamshi na lugha, Mwalimu Navoneiwa. Watoto humwita Mwalimu wa Makofi. Hukaa nao chini kwenye mkeka mpaka sketi yake nzuri inajaa vumbi, na hajali. Siku aliyoniita, alimpaka Nietiwe asali juu ya mdomo, Nietiwe akailamba yote.

"Ulimi huu haujafungwa, Bibi," akasema. "Ni sikio lake ambalo bado halishiki vipande vyote vya neno. Kipande kisichokaa sikioni hakifiki mdomoni, wala hakifiki kwenye daftari."

Akanipa mambo matatu ya kufanya nyumbani. Nikizungumza na mtoto, nikae macho yangu yawe sawa na yake. Tupige kofi kwa kila kipande cha neno. Na akikwama nimngoje, nisimmalizie. Akasema itachukua muda.

"Muda gani?" Nakunda aliniuliza jana. Wembe hauchukui muda. Nililala na hofu hiyo.

Basi, katika ndoto ni mchana. Niko jikoni napepeta mahindi ya makande. Pumba zinaruka juu na hazishuki.

"Hodi," sauti ikasema.

Mlango ulikuwa wazi na sikuona mtu. Nikaitikia, "Karibu," kwa sababu katika maisha yangu sijawahi kuiacha hodi ikae nje.

Wembe ukaingia. Ulikuwa na kimo cha mtoto, umejifunga gazeti lake kama kanga, na upande wa tanzia ulikuwa mbele.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kaa, baba."

"Ahsante, nitasimama. Nikikaa, viti hupata shida."

Nikakitazama kigoda. Kilikuwa kinatetemeka. "Ni kweli, Bibi," kigoda kikasema. "Tuuache tu usimame."

"Mimi nimetangulia," wembe ukasema. "Mzee yuko njiani. Mtoto ameamka?"

"Bado amelala."

"Basi nitamngoja. Sina haraka. Kazi yangu ni ya mara moja."

Ulizungumza polepole, kama muuguzi anayekutafutia mshipa. Sikuwahi kupata mgeni mwenye adabu kama ule, na sikuwahi kumwogopa mgeni hivyo. Nikauambia chai iko kwenye birika. Nikaenda chumbani nikijifanya natafuta sukari.

Nietiwe alikuwa kitandani, mdomo wazi. Nikachungulia. Meno yapo. Ulimi haupo. Mahali pake palikuwa na unyevu, na pamebonyea kidogo, kama kiota ambacho ndege wake ametoka sasa hivi.

Nikahisi baridi shingoni. Wembe ulikuwa umesimama nyuma yangu, nao unachungulia.

"Umekimbia," ukasema bila hasira. "Huwa zinakimbia. Tunazikuta tu."

Nietiwe akafungua macho. Akanitazama, akainua mkono na kunionyesha dirishani, upande wa shule.

Nikatoka kwa mlango wa nyuma na ungo wangu wa kupepetea mkononi, bila kuaga. Nikajua nashindana mbio na wembe kuufuata ule ulimi, na kwamba wa kwanza kufika ndiye atakayeuchukua. Sikuambiwa na mtu. Katika ndoto mambo unayakuta yameshajulikana.

Njia ya shule inapita kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Nilipofika, halikuwa na maji. Lilikuwa mdomo wa Nietiwe, mkubwa, umelala chali ukitazama angani kwa namna nisiyoweza kueleza, na mawe ya ukingoni yalikuwa meno yake, pamoja na pengo lake la mbele. Ilinibidi nipite kwenye ukingo. Kila nilipokanyaga jino, kutoka chini kabisa kulikuja pumzi ya mtu anayetaka kusema kitu na hana cha kukisemea.

"Nakwenda kuutafuta, mke mwenzangu," nikaliambia bwawa. Ndivyo ninavyomtania Nietiwe nyumbani. Pumzi ikatulia kidogo.

Ng'ambo ya ndiva nilimkuta mbuzi. Alikuwa na miguu ya nyuma, mkia, na tumbo mpaka katikati. Baada ya hapo hapakuwa na kitu. Hapakuwa na damu. Palikuwa pamefutwa tu, kama mtu amepitisha ufutio.

"Shikamoo, Bibi," akasema. Sauti ilitoka pale palipofutwa.

"Marahaba. Mbuzi wa nani wewe?"

"Wa kitabu cha darasa la pili. Niko chini ya picha. Nietiwe wako ndiye anayenisoma, na akinisoma huanzia hapa." Mkia ukaonyesha kiunoni.

"Pole. Unaumwa?"

"Siumwi. Nina njaa. Sentensi yangu inasema ninakula majani, lakini sina pa kulia."

Nikamwonea huruma. Nikamwuliza wenzake wako wapi.

"Tembo amebaki nyayo," mbuzi akasema. "Sungura hatujamwona tangu muhula uliopita. Mtoto akinyamaza kabisa, Bibi, hata huu mkia utafutika. Na yeye naye ataanza kufutika hivyo hivyo, kuanzia mbele."

Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya nyanya.

"Twende wote," nikamwambia.

Akakubali, ila alitembea kinyumenyume, kwa kuwa upande wa nyuma ndio pekee alioujua. Kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona kinachotufuata. Au angekuwa wa kwanza, kama angekuwa na macho.

"Bibi, ni kitu gani kinakuja?" akauliza. "Nasikia hakuna sauti."

Nikageuka. Kule tulikotoka, nyasi zilikuwa zinaanguka. Zilikuwa zimesimama, halafu zimelala, halafu zile za mbele yake zimelala. Katikati yake gazeti lilikuwa linakuja taratibu.

Tukakimbia. Shule ilikuwa mbali, kisha tukawa ndani yake.

Darasani hapakuwa na watoto. Kwenye madawati vilikaa vizibo vya soda, vile Mwalimu Navoneiwa anavyowapa watoto wavisogeze mezani, kimoja kwa kila kipande cha neno. Vilikuwa vikubwa, vina macho, na vimenyolewa vizuri. Kwenye kiti cha mwalimu kilikaa kioo chake kidogo, kile anachowashikia watoto wajione midomo.

"Wanafunzi, mgeni," kioo kikasema.

Kizibo cha kwanza kikasimama: "Shi." Cha pili: "Ka." Cha tatu: "Mo." Cha nne: "O." Vikakaa kwa zamu kama vilivyosimama.

"Marahaba," nikasema. "Natafuta ulimi wa mtoto."

"Uko nyuma yangu," kioo kikajibu. "Usiutazame kwa nguvu. Hauzoei watu haraka."

Nikazunguka polepole. Ulimi ulikuwa umejikunyata chini ya ubao, mdogo, mwekundu, umelowa, unatetemeka kama kitoto cha paka kilichonyeshewa.

"Nani?" ukauliza.

"Bibi yako."

"Umekuja na nani?"

"Na nusu mbuzi."

"Na nani mwingine?"

Nje, nyasi za uwanjani zilikuwa zinaanza kulala.

"Mimi sina kosa lolote, Bibi," ulimi ukasema. Nilishangaa, maana ulisema vizuri kabisa, kila neno zima na mwanzo wake. "Asali si niliilamba? Mimi ni wa kutumwa. Sikio likinitajia vipande vyote, navisema vyote. Likinitajia nusu, nasema nusu. Sasa nirudi nikakatwe kwa kosa la mtu mwingine?"

"Hukatwi. Rudi."

"Nani anasema sikatwi? Wembe uko kwenye kabati lako."

Hapo nilitaka kulia. Ulimi ulikuwa unasema kweli. Kabati ni langu, na kopo la chumvi ni langu.

"Apige makofi mwenyewe," ulimi ukasema baada ya kunitazama kidogo, kwa sauti ya upole zaidi. Nafikiri uliona machozi. "Ajiite jina lake, kofi kwa kipande. Nikiyasikia yote nitarudi. Lakini ayapige yeye, si wewe."

Nikageuka nimtafute Nietiwe, na darasa likawa jikoni kwangu. Madawati yapo, vizibo vipo, lakini mafiga yako katikati na pumba bado ziko hewani. Nietiwe amekaa kwenye mkeka na sweta lake lenye kifungo kilichofungwa na shangazi yake. Mdomo ameufumba. Kitabu kiko mapajani.

Nikataka kumwinamia. Sakafu ikanishusha yenyewe, taratibu, mpaka macho yangu yakawa sawa na yake. Kisha ikasimama. Magoti hayakuniuma. Ndipo nikaona jinsi alivyo na hofu. Nikiwa nimesimama sikuwahi kuiona, kwa sababu huiweka chini ya kope.

"Jina lako, mama," nikamwambia. "Makofi tu."

"Hodi," ikasikika mlangoni.

Ilikuwa ile sauti. Neno "karibu" lilipanda kooni kwangu lenyewe. Nililishika kwa meno. Nililisikia likipiga teke.

Nietiwe akapiga kofi. Kizibo kimoja kikasimama. Akapiga la pili, kikasimama kingine. Ulimi ukachungulia kutoka nyuma ya kioo.

"Hodi hapa," wembe ukasema.

Kofi la tatu. Kizibo. Kisha mikono yake ikabaki hewani. Akanitazama. Nilijua kilichobaki, kofi moja tu. Mikono yangu ilikuwa imeshapanuka kulipiga.

"Ukilipiga wewe litakuwa lako," kioo kikasema. "Na ulimi utaingia kwako. Una nafasi ya ndimi mbili?"

Nikaikalia mikono yangu.

"Hodi jamani," wembe ukasema kwa mara ya tatu.

Nietiwe akapiga. Kizibo cha nne kikasimama, ulimi ukaruka kwenye mkeka kama chura, ukaingia mdomoni mwake na kukaa. Akameza mate. Nikamshukuru Mungu.

Kisha nikafikiri kwamba tumepona, maana kwetu mtu akipiga hodi tatu na asijibiwe huondoka. Wembe nao ulilijua hilo.

"Bibi," ukasema, "hodi za sasa zilikuwa heshima tu. Kule mwanzo ulinikaribisha. Hukusema mwisho wake ni lini."

Ukaingia.

Ulipopita kati ya madawati, vizibo vilijificha chini. Nilimvuta Nietiwe nyuma yangu, lakini katika ndoto hakuna nyuma. Popote nilipomweka alikuwa mbele. Wembe ulikuwa unatabasamu kwa huruma, kwa makali yote mawili.

"Asogee kidogo kwenye mwanga," ukasema.

"Soma!" nusu mbuzi akapiga kelele kutoka pembeni. "Mwambie anisome!"

Nikakifungua kitabu mapajani mwa Nietiwe. Picha ya mbuzi haikuwa na mbele. Chini yake kulikuwa na ile sentensi. Nikaweka kidole chake chini ya neno la kwanza, nikanyamaza.

"Mbu," Nietiwe akasema, akapiga kofi. "Zi."

Mbuzi akawa na kifua, miguu ya mbele, shingo na kichwa chenye pembe. Akajitazama, akasema ahsante. Lakini mdomo wake ulikuwa umefungwa kama mstari uliochorwa.

Wembe ulikuwa umefika kwenye mafiga.

"A," Nietiwe akasema. "Na." Kisha akakwama.

Nalijua lile neno. Nilikuwa nalo mdomoni, limekaa juu ya ulimi wangu kama kiazi cha moto. Wembe unanyoosha pembe yake kwenye kidevu cha mtoto. Ningelitema tu, ingekuwa imekwisha, na lisingekuwa lake. Mbuzi ananitazama. Kioo kinanitazama. Pumba zote zimesimama hewani zinanitazama. Nimeuma midomo mpaka nasikia chumvi. Nimemtazama macho kwa macho, na sikusema kitu, na sijui kama nimewahi kumfanyia mtu jambo gumu kuliko hilo.

"Ku," Nietiwe akasema.

Kofi.

"La."

Mdomo wa mbuzi ukafunguka. Mtoto alimaliza na lile neno la majani, kofi kwa kofi, bila kuacha hata kipande kimoja, lakini mbuzi alikuwa ameshaanza. Jikoni hapakuwa na majani. Palikuwa na gazeti.

"Kitabu kimesema majani," mbuzi akasema huku anatafuna, "lakini mwenye njaa hachagui."

Alianza na tanzia. Wembe ulijaribu kuvuta gazeti lake, likachanika. Ukabaki uchi mbele ya watu, mwembamba, mdogo, unang'aa. Ukajifunika kwa nguvu zake zote kwa kitu ambacho hakikuwapo.

"Hii si adabu," ukasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilitetemeka. Ukageukia ukuta.

Ndipo nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Midomo yangu ilikuwa inauma. Nikaenda jikoni moja kwa moja. Juu ya kabati wembe ulikuwa umeanguka nyuma ya kopo la chumvi, umeegemea ukuta, umeupa chumba mgongo. Haukuwa na karatasi. Nikatafuta chini, nikatafuta kwenye majivu. Mlango ulikuwa bado na komeo nililoliweka mwenyewe.

Nietiwe alikuwa ameamka kabla yangu. Alikuwa amepanda kwenye kigoda, anachungulia dirishani kwenye banda. Nikasimama karibu naye nichungulie. Mbuzi wetu alikuwa amefungwa kamba yake kama kawaida, anatafuna polepole. Kwenye mdomo wake kulikuwa kumenata kipande cha gazeti, na juu yake sehemu ya picha ya marehemu mmoja nisiyemjua, amevaa tai.

Nietiwe akanigeukia. Akapiga kofi dogo kwenye paja lake.

"Mbu," akasema. "Zi. A. Na. Ku. La. Ka. Ra."

Akakwama.

"Hodi!" Nakunda aliita nje. Nilisikia pia mzee wa watu akikohoa nyuma yake, na viatu vyake vikijipangusa umande. "Hodi, Mama! Mmeamka?"

Sikuitikia. Nilipiga magoti mpaka macho yangu yakawa sawa na ya mjukuu wangu. Safari hii magoti yaliuma sana. Nikaikalia mikono yangu.

"Hodi, Mama!"

Nietiwe alitazama dirishani, akatazama juu, akanitazama mimi.

"Ta," akasema. "Si."

Ndipo nikaitikia kwa sauti, ili na mlango usikie:

"Karibu, Nakunda. Uingie wewe peke yako."